Nani aliandika siasa vizuri mwaka huu? Mpime kwa korosho kwanza

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Kila Desemba natoa orodha ya waandishi watano wa siasa walionikuna mwaka mzima, nawatumia wenzangu wa kijiweni na wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Mwaka jana nusu ya watu waliniita chawa (mpambe wa wakubwa) na nusu nyingine wakaniita mpinzani, kwa orodha ileile. Nifanyeje ili orodha yangu iwe na vigezo ninavyoweza kuvitetea? Na wewe wako ni akina nani?

JIBU: Mwalimu, ukiitwa chawa na mpinzani kwa orodha moja, maana yake wasomaji wako hawakujua ulichagua kwa kigezo gani, kila mmoja akajaza chake. Hilo linatibika. Usianze na majina. Anza na mambo matatu au manne ya siasa ambayo watu wa Masasi wanayajua kuliko mwandishi yeyote aliyeko Dar es Salaam au Dodoma, kisha angalia nani aliyaandika sawasawa. Kusini tumejaliwa mambo ya namna hiyo: korosho, gesi, mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi, barabara ya Mtwara–Newala–Masasi. Yote ni siasa tupu, na kila moja lina karatasi zake. Mwandishi anayebabaisha kwenye korosho, ambako unaweza kumkagua, huna sababu ya kumwamini anapokusimulia yaliyosemwa ndani ya Kamati Kuu, ambako huwezi.

Korosho iwe mtihani wa kwanza kwa sababu makosa yake hayajifichi. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuandika bei ya mnada kana kwamba ndiyo pesa aliyoishika mkulima. Tuseme mnada wa chama kikuu cha ushirika TANECU umefungwa kwa bei ya juu shilingi 3,500 na bei ya chini 3,400. Mwandishi wa haraka ataandika kwamba mkulima wa Tandahimba sasa anapata 3,500 kwa kilo. Lakini bei ya juu na ya chini zimetoka siku hiyohiyo kwa mizigo tofauti, na mkulima hachagui mzigo wake uangukie wapi. Halafu kuna makato: usafiri kutoka chama cha msingi hadi ghala kuu, gharama za ghala, ushuru wa chama cha msingi na wa chama kikuu. Makato yakiwa, tuseme, shilingi 250 kwa kilo, mwenye kilo 600 zilizouzwa kwa bei ya chini anapokea 1,890,000. Kwa hesabu ya mwandishi wetu angepokea 2,100,000. Pengo ni shilingi 210,000 kwa kaya moja, na ndilo linalozaa kelele kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi, mkulima akiamini katibu kamwibia. Mwandishi anayejua kazi ataandika bei ya mnada, ataandika makato, ataandika daraja la korosho, na atataja chama kikuu, maana TANECU ni ya Tandahimba na Newala, MAMCU ni ya Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI ni ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao inashika pwani ya Lindi. Anayeandika «bei ya korosho Mtwara» bila kusema chama, mnada wala tarehe, mkate alama.

Ngazi ya pili ya mtihani huohuo ni sheria. Mwaka 2018 kulikuwa na mvutano mkubwa bungeni juu ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao ulikuwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Kabla ya hapo asilimia 65 ya makusanyo ilitakiwa irudi kuendeleza zao. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaelekeza fedha yote Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa Kusini wakapinga, na sheria ikapita. Ukimsoma mtu anayezungumzia salfa (dawa ya unga ya mikorosho) na pembejeo za miaka iliyofuata bila kukigusa kifungu hicho, akaishia kumlaumu mkuu wa wilaya au bwana shamba, jua anaandika matokeo bila chanzo. Hata akiandika leo, mwandishi anayejua siasa za korosho anajua kwamba ugomvi huwa mara chache unahusu korosho yenyewe. Unahusu nani anaishika pesa kati ya Hazina, Bodi ya Korosho, vyama vikuu na halmashauri.

Tukio lililofuata mwaka huohuo linakupa mtihani wa tatu, na kwangu ndio mgumu kuliko yote: kurudi. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za mnada, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kubeba mzigo. Siku hiyo kila mtu aliandika. Waliorudi miezi mitatu baadaye kuuliza nani amelipwa, nani bado yuko kwenye uhakiki kwa tuhuma za kangomba (kununua korosho nje ya mfumo rasmi), na mzigo uliokaa ghalani unauzwa kwa nani, walikuwa wachache mno. Tabia hiyo haijabadilika. Tangazo lina wasomaji wengi, utekelezaji una wachache, na mwandishi anayetafuta wasomaji tu ataishi kwenye matangazo. Kwa hiyo kila unapoona makala ya mwezi Februari yenye ahadi ndani yake, tafuta kama mwandishi huyohuyo aliandika tena juu ya jambo hilo kufikia Septemba. Hata sentensi mbili za «nilisema hivi, imekuwa vile» zinahesabika.

Gesi ina mtego wake wa tarehe. Mtu akiandika kwamba gesi ya Kusini iligunduliwa mwaka 2010, anachanganya mambo mawili. Songo Songo ya Kilwa iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay ya Mtwara 1982. Kilichokuja kuanzia 2010 ni ugunduzi wa bahari ya kina kirefu. Si kosa dogo, kwa sababu linafuta siasa nzima ya vurugu za Desemba 2012 hadi Mei 2013. Waliokuwa barabarani hawakuwa wanaishangaa gesi mpya, walikuwa na miongo mitatu ya kusubiri, na bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015, lilionekana kwao kama mlango unaofungwa. Mwandishi anayeeleza vurugu zile kwa neno «uchochezi» peke yake, na anayezieleza kwa neno «wizi» peke yake, wote wawili wana uvivu uleule.

Mtego mwingine wa gesi ni fedha. Mrabaha ni wa Serikali Kuu. Kinachoingia halmashauri ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kampuni ikiuza kwa shilingi bilioni 100 kwa mwaka, asilimia 0.3 ni milioni 300. Mwandishi akikuambia kwamba Mtwara Vijijini au Kilwa inapata «mabilioni ya mrabaha», mwombe aonyeshe kifungu. Viwango vya tozo hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, basi mpe alama ya ziada anayetaja kiwango pamoja na mwaka wa sheria.

LNG nitaipitia haraka, maana kigezo chake ni kimoja. Mradi wa namna ile una hatua tatu za karatasi kabla ya tofali la kwanza: makubaliano ya awali, ambayo yalisainiwa Juni 2022, mkataba kati ya nchi na wawekezaji, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, ambapo kampuni zenyewe zinafunga pesa zao. Baada ya hapo ujenzi wenyewe huchukua miaka. Anayeandika «LNG imeanza» kwa sababu waziri amekutana na ujumbe wa kampuni amekuuzia hatua ya kwanza kwa bei ya hatua ya tatu. Watu wa Likong'o, eneo la Lindi lililotengwa kwa mradi huo, wanaijua biashara hiyo vizuri.

Barabara ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa kuwa inafundisha kusoma bajeti. Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilomita 210 hivi. Kipande cha Mtwara–Mnivata, kilomita 50, kilitangulia kupata lami, na kilomita 160 za Mnivata, Tandahimba, Newala na Masasi zikafuata kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sasa chukua sentensi ya aina hii, ambayo utaikuta kila Mei: «Serikali imetoa bilioni kadhaa kwa barabara ya Mnivata–Masasi.» Iulize maswali manne. Fedha hiyo imeidhinishwa au imetolewa? Bunge likiidhinisha Juni, hakuna aliyepokea senti, kuna ruhusa tu ya kutumia. Kilichotolewa utakiona kwenye hotuba ya bajeti ya wizara ya mwaka unaofuata, kwenye aya inayoanza na «hadi kufikia Machi» au «hadi kufikia Aprili». Swali la pili linatokana na hilo: ni miezi mingapi? Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, kwa hiyo takwimu ya Machi ni ya miezi tisa. Mwandishi anayesema «wametoa asilimia 60 tu ya bajeti» bila kusema ni ya miezi tisa anakuza tatizo, na anayesema «wametoa asilimia 75, hongera» hasemi kwamba miezi tisa ni robo tatu ya mwaka, kwa hiyo hapo hakuna cha kusifia wala cha kulaani. La tatu, ni fedha za ndani au za nje? Fedha za mkopo zina masharti yake na huchelewa kwa sababu nyingine kabisa. La nne, asilimia ya utekelezaji ni ya kazi au ya muda? Mkandarasi aliyemaliza asilimia 40 ya kazi ndani ya asilimia 70 ya muda yuko nyuma, na taarifa nyingi za vyombo vya habari hunakili namba moja tu kati ya hizo mbili. Makala yenye majibu ya maswali yote manne ni adimu. Ukiikuta, mwandishi wake tayari yuko kwenye kumi bora.

Baada ya mambo ya nyumbani, angalia namna mwandishi anavyotumia nyaraka za taifa. Ziko tatu zinazonukuliwa kila siku na kusomwa kwa nadra.

Ya kwanza ni Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Anayenukuu bungeni kwa uhakika anataja Mkutano wa ngapi, Kikao cha ngapi na tarehe, na ikiwa ni swali, namba yake. Ukitaka kumkagua, pakua faili la kikao hicho kutoka tovuti ya Bunge, tafuta neno adimu. Usitafute «Mtwara», utaletewa kila mahali mbunge alipotajwa. Tafuta «Mnivata», «salfa» au jina la kata. Kisha soma jibu la msingi pamoja na maswali ya nyongeza, maana mara nyingi kilichonukuliwa kwa mbwembwe ni utangulizi wa swali la mbunge, wakati jibu la Serikali liko aya mbili chini yake na linasema jambo jingine.

Ya pili ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Hapa makosa ni ya mwaka na ya maana ya hati. Ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili, na inahusu mwaka wa fedha ulioishia Juni iliyotangulia. Yaani iliyotoka Aprili 2025 inahusu mwaka ulioishia 30 Juni 2024. Anayemsulubu mkurugenzi aliyehamia halmashauri Septemba kwa hoja za ukaguzi wa mwaka uliotangulia hajasoma jalada. Kuhusu hati, hati inayoridhisha haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Inasema kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachokubalika. Halmashauri inaweza kuwa na hati inayoridhisha na bado ikawa na kurasa za hoja: mashine za kukusanyia mapato zisizopeleka fedha benki, mikopo ya asilimia 10 ya vijana, wanawake na wenye ulemavu isiyorejeshwa, malipo yasiyo na viambatisho. Mwandishi wa upande wa Serikali atakuonyesha hati, wa upande wa pili atakuonyesha hoja. Unayemtaka ni yule anayeonyesha vyote na kueleza kwa nini vinaishi pamoja.

Mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi ni wa Aprili 2018, pale ripoti ya mwaka 2016/17 ilipoonyesha makusanyo ya shilingi trilioni 25.3 na matumizi ya trilioni 23.8 hivi. Tofauti ile ya trilioni 1.5 ikawa wimbo wa taifa. Kuna walioandika «zimeibwa», kuna walioandika «hakuna kitu, ni uzushi». Vyote viwili havikuwa kwenye ripoti. Hesabu zilionyesha pengo linalohitaji maelezo, na Serikali ikatoa maelezo yake bungeni siku chache baadaye. Wape darasa sentensi tatu hizo, «kuna pengo», «zimeibwa», «hakuna kitu», uwaulize kila moja inahitaji ushahidi gani. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, na utapata wasomaji wa siasa wazuri kuliko wengi wa kijiweni (samahani kwa wa kijiweni).

Ya tatu ni matokeo ya uchaguzi. Angalia kama mwandishi anajua asilimia ni ya nini. Mwaka 2020 mshindi wa urais alitangazwa kwa asilimia 84.4, na hiyo ni ya kura halali. Kura zake zilikuwa 12,516,252, na waliojiandikisha walikuwa 29,754,699, kwa hiyo ni kama asilimia 42 ya waliojiandikisha, kwa sababu waliojitokeza walikuwa nusu tu na kidogo. Namba zote mbili ni za kweli na zinajibu maswali tofauti. Angalia pia kama anajua nani anasimamia nini: uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, si na Tume ya Uchaguzi. Na ukikuta mtu ameandika kwamba Kusini «haijawahi kuyumba», mkumbushe 2015, chama cha upinzani CUF kilipochukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na majimbo yote mawili ya Kilwa. Kwa hapo kwenu kuna kipimo kidogo cha bure: anayeandika «mbunge wa Masasi» bila kufafanua. Masasi Mjini ni jimbo, na Halmashauri ya Wilaya ya Masasi ina majimbo mawili, Ndanda na Lulindi.

Sasa utaratibu wenyewe. Andika majina kumi na mawili, si zaidi. Kwa kila mmoja chukua makala sita, lakini usizichague wewe. Weka kanuni: makala ya kwanza aliyochapisha baada ya tarehe 15 ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba. Ukichagua mwenyewe utachukua zile ulizozipenda, na ulizozipenda ni zile mlizokubaliana. Kanuni hii inaua pia tatizo la Desemba, ambapo kila mtu anakumbuka makala za Oktoba na Novemba na kusahau zilizoandikwa wakati wa bajeti. Jumla ni makala 72. Ukitenga dakika 20 kwa kila moja ni saa 24, saa sita kwa wiki ndani ya wiki nne. Kama ni nyingi, punguza majina, usipunguze makala. Makala mbili hazimwonyeshi mtu.

Alama ziwe 100. Mimi ningetoa 40 kwa ushahidi, 25 kwa kurudi kwenye alichosema, 20 kwa kuelewa taratibu za Bunge, bajeti na sheria, na 15 za mwisho kwa lugha pamoja na kumpa nafasi anayetuhumiwa ajibu. Najua walimu wa Kiswahili mtataka lugha ipewe 30. Kataeni kishawishi hicho. Lugha tamu ndiyo iliyotuletea wachambuzi wanaoweza kuzungumza saa nzima juu ya gesi bila kutaja futi ya ujazo hata moja.

Kwenye zile 40 za ushahidi, tofautisha ngazi. Juu kabisa ni waraka uliotajwa kwa jina, mwaka na ukurasa, au tukio aliloshuhudia mwenyewe. Chini yake ni mtu aliyenukuliwa kwa jina na cheo. Chini zaidi ni «chanzo changu cha kuaminika», ambacho kinakubalika pale tu mwandishi anapoeleza kwa nini mtu huyo hawezi kutajwa na alijuaje jambo hilo. Mwisho ni picha ya skrini isiyo na mwanzo wala mwisho, nayo ipate sifuri. Kwa makala za wiki ya uchaguzi wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, kuwa mkali zaidi: nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa mbali, wakipokea sauti na video zilizochelewa. Kuwa mbali si kosa. Tafuta aliyesema wazi alikuwa wapi, alipokea nini na lini, na alichoshindwa kuthibitisha.

Kagua pia kama makala ni yake. Chukua sentensi moja ya maneno nane hadi kumi, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wa kutafuta. Ukikuta ileile kwenye taarifa ya wizara kwa vyombo vya habari, huyo ni tarishi. Barua za Serikali zinazosambazwa nazo zina vipimo vyake: kumbukumbu namba, tarehe isiyoangukia Jumapili au sikukuu, cheo cha aliyesaini, na jina la ofisi lililo sahihi kwa mwaka huo. Barua ya leo yenye kichwa cha Halmashauri ya Wilaya ya Lindi inatia shaka kwa kuwa halmashauri hiyo sasa ni Mtama. Vivyo hivyo barua ya 2025 inayoiita Tume kwa jina la kabla ya 2024, lisilo na neno «Huru». Mwandishi aliyeisambaza na kuifanyia uchambuzi wa aya kumi, kisha akaifuta kimyakimya ilipobainika ni ya kughushi, apoteze alama zote za kurudi. Aliyeiacha makala yake na kuandika juu yake kwamba barua ni ya uongo, mwongeze.

Tafuta msahihishaji wa pili, na awe mtu ambaye siasa zake si zako. Kila mmoja asahihishe peke yake. Mkipishana kwa alama zaidi ya 15 kwa mwandishi mmoja, kaeni msome makala mojawapo pamoja, sentensi kwa sentensi. Mara nyingi mtagundua kwamba mmoja alimpa alama mwandishi na mwingine aliupa chama anachokipenda mwandishi. Hilo ndilo litakalokukinga na jina la chawa, maana orodha itakuwa na sahihi mbili.

Umeuliza wangu ni akina nani. Watano wa mwaka sikupi, kwa sababu utawatumia kama majibu ya mtihani kabla hujaufanya. Nitakupa watu wawili wa kupimia. Kwa kufungua sheria na Katiba bila kumwacha msomaji njiani, soma Profesa Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais ya masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Angalia anavyokwenda kwenye kifungu kwanza, maoni baadaye. Kwa ukali wa lugha usiohitaji tusi, soma mwandishi mkongwe Jenerali Ulimwengu, lakini ukijua kwamba nguvu yake iko kwenye hoja na historia zaidi kuliko kwenye majedwali. Kwa namba za bajeti na ukaguzi, Kiswahili bado kina njaa ya mtu, na ndiyo sababu nakushauri nafasi moja kati ya tano uiache wazi kwa mwandishi au mtangazaji wa huku, hata kama ana wasomaji mia mbili. Ripota wa redio ya jamii anayehudhuria baraza la madiwani Nanyumbu au Nachingwea na kutaja makusanyo ya robo mwaka kwa namba anafanya siasa halisi kuliko anayechambua sura za mawaziri wakati wa kuapishwa.

Wachambuzi wa video usiwatupe nje. Sikiliza dakika kumi za mwanzo tu, andika kila dai linaloweza kukaguliwa. Wengi hawafikishi madai matatu.

Unapotoa orodha, andika chini ya kila jina alama zake na makala moja iliyombeba, kwa tarehe. Andika pia alipokatwa. Usiandike «amenunuliwa» wala «analipwa na fulani» kama huna ushahidi mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, na kundi la WhatsApp ni mtandao pia. «Hakuonyesha chanzo cha namba yake ya tarehe 18 Mei» inatosha na inauma zaidi. Aliyeshika nafasi ya sita na ya saba wataje pia, na pengo la alama, kwa sababu kama kati ya wa tano na wa sita kuna alama mbili tu, hao kwa kweli wamefungana, na mtu wa kijiweni akikubishia hapo atakuwa na haki.

Mwisho, funga orodha tarehe 10 Desemba. Minada ya korosho huwa bado inaendelea, na kila mwaka kuna mtu anayeandika makala moja kali juu ya malipo yaliyochelewa, akaingia kwenye orodha za watu kwa makala hiyo peke yake. Yake iweke kwenye faili la mwaka ujao, upande wa Januari, uone kama atarudi malipo yakitoka.